Safu ya Tatu

4 Februari

Mwanangu Daktari,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siku hizi hupatikani. Nikipiga una mgonjwa kitini, nikirudia uko mkutanoni, nikirudia tena anapokea mkeo na kuniambia mtandao unasumbua, wakati mimi namsikia vizuri kabisa. Barua haina mtandao. Ukishaifungua utaisoma, hata kama ni kwa kunionea huruma.

Huku hatujambo, ukiniondoa mimi. Daktari, siyo wewe wa meno, yule wa moyo, amesema moyo wangu umelegea kama soksi ya zamani. Amenikataza kuinua ndoo, kupanda ngazi na kukasirika. Hilo la mwisho nimemwambia asubiri kwanza nimalizane na mwanangu.

Unaikumbuka siku tuliyomzika dada yako. Ulisimama mbele ya watu, hakuna aliyekushikia fimbo, ukasema watoto wake utawachukua wote watatu na hawatatenganishwa, ila uvumiliwe mpaka upate gari la kuwatosha, maana shule za huko ni mbali na gari lako lina viti vitano, na vinne mmeshavikalia wenyewe. Watu wakakupongeza. Mimi nikajikuta natabasamu msibani, aibu yangu. Sasa huu ni mwaka wa pili.

Wenyewe wamekua. Msomi ana miaka kumi na mitatu na anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Kasuku ana tisa na bado hanyamazi. Bonge ana minne, na hali chakula mpaka Msomi akionje kwanza. Wanalala kitanda kimoja kwa kupenda. Niliwaongezea cha pili, wamekifanya pa kutupia nguo.

Baba yao naye hayupo, na nikianguka kesho, hawa watagawanywa kama vyombo vya marehemu, huyu kwa huyu, yule kwa yule. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo moyo. Kwa hiyo tafuta gari, mwanangu. Liwe la safu tatu, viti saba. Baba yako alikuwa dereva miaka yote ya ndoa yetu na mimi nimelala ndani ya magari zaidi kuliko vitandani. Ukihitaji macho ya pili, niulize.

Mama yako


20 Februari

Mama mpendwa,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Nimesikitika kuhusu afya yako. Fuata maelekezo ya daktari na punguza chumvi.

Ahadi yangu naikumbuka, na sijawahi kuikana. Ila nataka ujue kwamba kuchukua watoto watatu siyo kuchukua vifurushi. Shule iko mbali, barabara ina magari mengi, na mimi na mke wangu tuna msimamo kwamba kila mtoto lazima awe na kiti chake na mkanda wake. Nadhani na wewe huo ndio ungekuwa msimamo wako.

Habari njema ni kwamba tumeanza kutafuta. Jumamosi tulikwenda kwenye yadi moja tukaona gari la viti saba, rangi ya fedha, milango ya kuteleza pande zote mbili. Limetumika, lakini ndani ni safi na injini inang'aa kama mpya. Safu ya nyuma inakunjwa ukitaka kubeba mizigo. Mke wangu amelipenda, na wanangu wawili walikataa kushuka. Muuzaji anasema wateja ni wengi, tuamue haraka.

Sitaki kuamua bila wewe. Wewe ndiye mke wa dereva. Una maoni gani?

Mwanao


2 Machi

Daktari wangu,

Umenifurahisha mpaka nimesahau vidonge vya asubuhi. Viti saba. Nyinyi wanne, wangu watatu, hesabu imekaa sawa, hakuna anayebaki barabarani.

Sasa sikiliza. Injini inayong'aa ni injini iliyooshwa, na mtu haoshi injini ya gari analouza ila kuna oili inavuja mahali. Rudi pale asubuhi, bila kupiga simu. Kabla hawajaliwasha shika boneti. Kama ni ya moto, wameliwasha mapema ili lisiwatie aibu mbele yako. Kama ni ya baridi, waambie waliwashe wewe ukiwa umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu maana yake linakula oili, achana nalo. Halafu inua zulia, ingiza mkono mpaka chini, unuse vidole. Ukisikia harufu ya tope, gari hilo liliwahi kuzama majini, na umeme wake utakusumbua mpaka uzeeke. Milango ya kuteleza ifungue kwa kidole kimoja. Ikigoma, reli imepinda.

Jambo la muhimu: kaa mwenyewe kwenye safu ya tatu. Wanaume mnanunua gari kutoka kiti cha dereva. Kaa kule nyuma, mlango ufungwe, uone kama magoti yanagusa kidevu na kama hewa inafika. Na msije mkasema mtoto mmoja atapakatwa. Baba yako alikuwa akisema anayempakata mtoto kwenye gari amemfanya mto wa kujikinga, na nilimwona akimshusha mama mmoja barabarani kwa ajili hiyo, mvua inanyesha.

Huku tumeshaanza mazoezi. Nimepanga stuli uani, mbili mbele, tatu katikati, mbili nyuma. Mimi ndiye dereva, natumia sufuria kama usukani. Msomi na Bonge wanakaa safu ya tatu, Kasuku katikati ili aongee na wanao. Nawafundisha kufunga mkanda kwa kipande cha kitenge, kutopiga kelele, kutokanyaga viti. Sitaki mkeo apate la kusema. Bonge peke yake ndiye ananitia wasiwasi, maana hata kwenye stuli anasema kichefuchefu. Huyo akikaa nyuma anatapika, tangu akiwa mdogo. Nitampa kipande cha limau ashike, ataacha.

Mama yako, dereva wa sufuria


30 Aprili

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na kazi nyingi kliniki.

Nilifuata ushauri wako neno kwa neno. Nilifika asubuhi, boneti ilikuwa ya baridi, walipowasha moshi ukatoka wa bluu. Tumeliacha. Nakushukuru sana. Bila wewe tungeuziwa hasara.

Baada ya hapo tuliona jingine, jeupe. Moshi hauna rangi, zulia ni kavu. Lakini nilikaa safu ya tatu kama ulivyosema, na kwa kweli magoti yaligusa kidevu. Nikafikiria Msomi anavyorefuka. Nikaona siyo haki. La tatu lilikuwa la bluu, kila kitu sawa, ila mlango wa kushoto uligoma kwa kidole kimoja. Mke wangu alitaka tulichukue, nikamwambia hapana, mama alisema reli.

Pia tumezungumza sana kuhusu Bonge. Mtoto anayetapika safu ya nyuma hawezi kusafirishwa kila siku asubuhi na jioni. Ni mateso kwake na kwa wenzake, na harufu haitoki kwenye viti. Daktari wa watoto, rafiki yangu, anashauri asubiri mpaka akue kidogo. Nimeona nikwambie mapema ili usimpe matumaini.

Tunaendelea kutafuta bila haraka. Kama wewe ulivyonifundisha, gari la familia halinunuliwi kama nyanya.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani, wodini. Usishtuke, au shtuka kidogo kama una nafasi. Nilianguka uani wakati wa kupanga stuli. Msomi ndiye aliyekimbia kuita watu, Kasuku alinyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na Bonge akaendelea kukaa safu ya nyuma kwa sababu nilikuwa sijamwambia ashuke.

Nimekuwa na muda wa kufikiria humu ndani. Nimegundua kwamba mimi ndiye ninayeyafukuza magari yako. Kila nikifungua mdomo kuonyesha kwamba ninajua, wewe unapata gari la kukataa. Mdomo huu Mungu angenipunguzia. Basi nayafuta yote. Nunua la bluu, nunua jeupe, nunua lenye moshi wa kijani. Magoti yakigusa kidevu watakunja miguu, ni watoto. Limewahi kuzama majini, sawa, litakuwa limeoga.

Na Bonge hatapiki. Nilisema vibaya. Jana nilipoletwa huku nilimpandisha gari la hospitali, akakaa mpaka mwisho bila neno. Muulize muuguzi.

Daktari wa hapa anataka nibaki, nimekataa, maana nikibaki nani atalala na wale. Usiniletee matunda. Niletee gari.

Mama yako


19 Julai

Kwa mama mkwe wangu mpendwa,

Ni mimi mkweo. Mume wangu amezidiwa na kazi, nikamwambia leo niachie mimi nimwandikie mama, tuzungumze wanawake kwa wanawake.

Gari tumepata. Viti saba, rangi ya fedha, siyo lile la moshi, jingine. Fundi wetu amelipekua siku nzima hakuona kosa. Tumebadilisha oili na filta zote, tumeweka tairi nne mpya, na viti tumevivalisha upya. Likipita watu wanageuka. Tunakuombea dua kila tukiliwasha, maana bila ushauri wako tusingejua kuchagua.

Kuna jambo la furaha pia. Mungu akipenda, mwezi ujao tutapata mtoto wa tatu. Sasa kiti cha mtoto mchanga kinafungwa safu ya katikati na kinakula nafasi kubwa. Halafu mama yangu mzazi anahamia kwetu kunisaidia, naye kwa miguu yake hawezi kukaa nyuma, lazima akae katikati. Wanangu wawili watahamia safu ya tatu, ila mmoja wao begi lake la shule na vifaa vya mpira vinahitaji pa kukaa. Tumepanga na kupangua kwenye karatasi. Kwa kweli inabaki nafasi ya mtu mmoja, na hata hiyo ni ya kubana.

Mume wangu alisema labda wadogo wapakatwe. Nikamkumbusha maneno yako mwenyewe kwamba mtoto anayepakatwa ni mto wa ajali. Sitaki damu ya mtoto wa wifi yangu mikononi mwangu.

Tumeona tumchukue Msomi. Ni mkubwa, anajitambua, hatapiki, na ameshalea wadogo zake kwa hiyo kichanga hakitamtisha. Wale wengine Mungu hawezi kukosa mpango nao.

Mkweo anayekupenda


25 Julai

Wewe Daktari, na siyo mkeo,

Nimeisoma barua ya mkeo kwa sauti ili nisikie kama nimekosea. Sikukosea. Gari la kuwaleta watoto watatu limeshajaa mama mkwe wako, begi na mpira.

Sitaki ugomvi, nataka tuelewane. Kama nafasi ni moja, mchukueni Bonge, ni mdogo, hali sana, analala mapema. Kama hamumtaki Bonge, chukueni wadogo wote wawili, mwacheni Msomi kwangu, wale wawili ukiwaweka pamoja hawafikii upana wa mama mkwe wako mmoja. Kama hilo nalo haliwezekani, chukueni wote watatu wakae nyumbani, shule wataenda kwa miguu, miguu wanayo. Na maneno yangu ya kupakata nayarudisha. Wapakateni. Baba yako alikuwa na maneno mengi yule.

Usinitake nichague mmoja. Usinifanyie hivyo. Nilikuzaa kwa uchungu wa siku mbili, na sikuchagua niubebe siku ipi.

Mama yako


3 Agosti

Mama mpendwa,

Nimekuelewa. Mjadala huu hauna faida kwa afya yako.

Jumamosi nitapita kumchukua Msomi. Naomba awe tayari asubuhi, nguo chache tu, nyingine tutamnunulia. Wadogo zake ni afadhali wawe kwa jirani wakati huo, ili kusiwe na vilio barabarani. Ikishindikana kuwa Msomi, basi nitaelewa kwamba umeamua kubaki nao wote, na suala hili tulifunge.

Usiogope. Mwanzo unakuwa mgumu, baadaye mtu anazoea.

Mwanao


14 Septemba

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mzima na ninaendelea vizuri sana. Mjomba ananipenda, mke wa mjomba ananipenda, na mtoto ameshazaliwa, ni msichana, akilia akisikia sauti yangu ananyamaza. Shule ni nzuri. Tunasoma masomo yote.

Najua utataka kujua habari za gari kwa hiyo nakuandikia yote. Ni la rangi ya fedha, ukilitazama juani lina mchubuko mdogo chini ya taa ya nyuma ya kulia, hauonekani mpaka uiname. Tairi ni mpya, mistari yake inashika kokoto, zinatoka kwa kijiti. Ndani kuna mazulia ya mpira matano. La dereva linashika tope kuliko yote, na ya katikati yana chenga za biskuti ambazo zikilowa hazitoki. Mlango wa kuteleza una reli inayojaa mchanga, unatakiwa utumie mswaki wa zamani na maji kidogo, ukizidisha yanaingia ndani. Vioo vinapendeza ukivipangusa kwa gazeti. Safu ya tatu ndiyo nzuri zaidi, viti vyake bado vina nailoni, havina doa hata moja. Huwa nakaa hapo, dirishani. Tunapita mahali pazuri sana.

Bibi, Bonge anakula? Mwambie nimeonja kutoka huku, chakula chote ni kitamu, ale tu. Mwambie Kasuku aniandikie hata mistari miwili, najua anaweza, asiseme hana kalamu, nilimwachia yangu. Asilale upande wa ukutani maana Bonge anampiga teke.

Mjukuu wako Msomi


6 Oktoba

Mwanangu,

Barua hii uisome peke yako, funga mlango wa kliniki.

Nina mambo mawili. La kwanza ni zito na sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nililazwa tena, nikakaa sana. Nilipokuwa kule, ndugu wa baba yao wakaja wakamchukua Kasuku. Wanaishi mbali, hata barua sina uhakika kama inafika. Walisema mtoto wa kike anasaidia dukani. Bonge hakuna aliyemtaka. Mtu wa ustawi wa jamii akaja kitandani kwangu na karatasi ya kumpeleka kituo cha watoto, nikatia saini kwa mkono huu.

Hospitali walinirudisha nyumbani asubuhi ya kuchukuliwa kwake, nimuage. Gari la kituo cha watoto lilipofika, mwanangu, lilikuwa la viti vingi, rangi ya fedha. Bonge akadhani ni wewe. Akatoka mbio na kifuko chake, akapanda mwenyewe, akaenda moja kwa moja safu ya mwisho kama nilivyomfundisha, akafunga mkanda, akakaa kimya asikanyage kiti. Akamuuliza dereva kama Msomi anapandia mbele ya safari. Nilimpungia mkono kama mtu anayemuaga anayekwenda matembezini.

Nakuomba Msomi asijue. Huyo akijua itamvunja, anadhani nipo nao. Mimi nitaendelea kumwandikia kwamba wapo.

La pili. Mimi ni mke wa dereva na hilo hamjaninyang'anya. Msomi ameniandikia ukurasa mzima kuhusu gari lako. Ananieleza zulia, reli, kokoto za tairi, mswaki. Aliyepanda gari hasemi hivyo. Anasema linayumba, linalia, upepo uliniingia, jua lilinichoma upande huu, nililala tukapitiliza. Yeye hajui hata injini inavyonguruma. Na kiti cha safu ya tatu bado kina nailoni. Miezi yote hiyo nailoni haijapasuka, na ndicho kiti anachosema anakaa. Mtoto wa dada yako haendi shule, Daktari. Anaosha gari na kulea kichanga.

Sasa uchague. Mpeleke shule ndani ya kile kiti, au mrudishe kwangu nife naye. Usipofanya moja, nitapanda basi hivi nilivyo, nikae kwenye benchi la kliniki yako, kila mgonjwa anayeingia nimweleze huku akisubiri zamu. Wewe unawaambia haiumi. Mimi nitawaambia inauma wapi.

Mama yako


21 Oktoba

Mama mpendwa,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma peke yangu, kama ulivyotaka.

Habari za Kasuku na Bonge zimenisikitisha. Ulikuwa katika hali ngumu, na uamuzi ulikuwa wako. Mimi sitakulaumu kwa hilo mbele ya mtu yeyote.

Kuhusu gari, hoja yako imepitwa na wakati. Tumeliuza wiki iliyopita. Lilikuwa linakunywa mafuta mno, na ukweli ni kwamba lilikuwa kubwa kuliko mahitaji yetu. Mama mkwe hakupenda hali ya hewa ya huku, amerudi kwake, na wanangu hawapendi kukaa nyuma. Safu ya tatu haikuwahi kukaliwa hata siku moja. Aliyelinunua ana biashara ya mikate, aling'oa viti vile palepale getini akatuachia. Tumechukua dogo la viti vitano, linatutosha.

Msomi anabaki. Mtoto amemzoea na mke wangu amerudi kazini. Sokoni ni karibu, anakwenda kwa miguu, kwa hiyo yeye suala la kiti halimhusu. Shule tutaliangalia mwakani.

Sasa kuhusu benchi la kliniki. Msomi anauliza habari za wadogo zake kila anapombembeleza mtoto. Mke wangu ni mtu wa ukweli, na tangu alipoiona barua yako mezani anasema siyo vizuri binti mkubwa namna ile kufichwa jambo la familia. Anadhani Msomi anastahili kujua nani alitia saini. Mimi ndiye ninayemzuia. Ningependa kuendelea kumzuia. Inategemea ni barua za namna gani zitakuwa zinafika hapa, na ni nani atakayeonekana kwenye kituo cha basi.

Ukimwandikia, tafadhali ziwe za kumtia moyo. Tutakuwa tunazisoma kabla ya kumpa.

Endelea na vidonge.

Mwanao


1 Novemba

Mjukuu wangu Msomi,

Marahaba, marahaba tena. Nimeipokea barua yako na nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nimefurahi kwamba unapendwa na kwamba shule ni nzuri.

Nimesikia gari limeuzwa. Usisikitike. Mjomba wako anajua anachofanya, gari kubwa ni gharama, na hilo jipya najua litakuwa zuri pia. Msikilize mjomba na mke wake. Wakikutuma, nenda. Mtoto akilia, mbebe, usingoje wakuambie mara mbili. Mtu anayelelewa kwa wema na yeye anaonyesha wema. Mwambie mjomba wako kwamba mimi nimeandika hivyo, na kwamba sina neno juu yake, sasa wala baadaye.

Mimi moyo unakwenda vizuri. Sina safari yoyote ninayofikiria.

Bonge anakula. Nilimwambia umeonja kutoka huko, akacheka, akamaliza sahani. Amenenepa, viatu ulivyomwachia vimeanza kumbana. Kasuku nimemwambia akuandikie, anasema anakuja, anakuja, unamjua mwenyewe, kuongea ndiyo kalamu yake. Halali ukutani tena. Kitanda chenu bado ni kilekile, wanakuwekea nafasi yako katikati, hakuna anayeikalia.

Ningewaita waje waweke hata alama ya kidole hapa chini, lakini nimewaacha wacheze. Wako mbali kidogo, sauti yangu haifiki.

Bibi yako